Mpira wa Mlango wa Mashine

Kabla ya mashine ya kufulia alikuwapo yule dada. Alikuja kwangu kila Jumamosi asubuhi, kanga moja kiunoni na nyingine begani, akapanga mabeseni matatu kwenye baraza la uani: moja la sabuni na mawili ya kusuuzia. Mimi nilitoa kigoda na rundo la madaftari ya wanafunzi, nikakaa karibu naye nikisahihisha. Yeye anafua, mimi natia vema na kosa, na wote wawili tunaongea.

Alikuwa mtu wa Didia. Mimi nilizaliwa Shinyanga mjini, lakini mama yangu alitokea upande huo huo wa Didia, kwa hiyo maneno yetu yalikuwa Kiswahili kikichanganyika na Kisukuma, hasa tulipofika kwenye mambo ya kuchekesha. Umri wetu ulikaribiana sana. Siku ya kwanza kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme shikamoo. Tukatazamana. Mwishowe yeye akasema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya nyumbani, ambayo haimpandishi mtu wala kumshusha. Nami nikaitikia mwangaluka, na ikawa hivyo kwa miaka minne.

Ninaishi Geita, hapo Kalangalala, na ninafundisha shule ya sekondari. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla yule dada hajaanza kuja. Mtoto wetu ni mmoja tu, wa kiume, naye anafanya kazi Dodoma. Nyumba ina vyumba vinne. Siku za kazi sikuuhisi upweke sana, maana shule ina kelele zake na ukirudi umechoka unalala. Jumamosi na Jumapili ndizo zilikuwa ndefu. Jumapili nilikwenda kanisani. Jumamosi nilikuwa na yule dada.

Alinisimulia kuhusu mume wake aliyefuata dhahabu Chunya akasema atarudi wakati wa mavuno, na mavuno yakapita mengi. Mimi nilimsimulia ugonjwa wa mume wangu, hata yale ambayo sikumwambia mwanangu: jinsi alivyokataa uji wangu siku za mwisho na kuomba uji wa dada yake. Yule dada aliacha kufikicha shati, akanitazama, akasema, "Mgonjwa hachagui mtu, mwalimu. Anachagua ladha ya utotoni." Nililia, nikaendelea kusahihisha. Saa nane tulikula pamoja, ugali na mlenda au samaki akipatikana, na saa tisa akaondoka.

Kisha mwanangu akaleta mashine.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Alikuja nayo nyuma ya pikapu, imefungiwa magodoro mawili isigongwe. Ilikuwa imetumika kidogo, ya mlango wa mbele, ule wa kioo cha mviringo. Aliiweka kwenye bafu la uani, akaiunganisha na bomba la tangi, akanifundisha vitufe. Alikuwa na furaha kama mtu aliyejenga kanisa. "Mama, sasa upumzike," akasema. "Mambo ya kuweka mtu wa kufua basi."

Jumamosi iliyofuata, mwanangu akiwa bado amelala, nilimpigia yule dada simu. Nilimwambia asije, nimeletewa mashine. Nilisema nitamwita siku ya kufua mablanketi.

"Haya, mwalimu," akasema.

Sikumwita. Mablanketi nayo yaliingia kwenye mashine, moja moja.

Mwanangu alipoondoka nilianza kufua peke yangu. Miezi ya mwanzo nilitoa kigoda changu na madaftari, nikakaa mbele ya kile kioo nikitazama nguo zinavyogeuka. Baadaye niliacha, nikawa naiwasha na kuingia ndani. Nilikuwa nasahihisha mezani, redio ikiwa imewashwa, na nilimaliza madaftari mapema zaidi kuliko zamani. Saa nne asubuhi nimeshamaliza kufua, nimeshamaliza kusahihisha, na siku yote bado iko pale inanisubiri.

Hivyo ikaenda miaka mitatu, mpaka Jumamosi moja nilipotoka uani nikakuta maji yanapita chini ya mlango wa bafu, yenye povu, yakielekea kwenye mboga zangu.

Nilizima mashine. Maji yalipoacha kutoka nilifungua mlango, nikapitisha kidole kwenye ule mpira wa kijivu unaozunguka mdomo wa pipa, mpira mpana wenye mikunjo, ambao kazi yake ni kuziba nafasi kati ya pipa na mlango ili maji yasitoke. Kwenye mkunjo wa chini kulikuwa na uchafu mweusi uliogandana, na ndani ya ule uchafu kidole kikaingia mahali ambapo hakikupaswa kuingia. Mpira ulikuwa umechanika, urefu wa kidole chenyewe.

Nilimwita fundi wa mtaani, anayetengeneza friji na feni. Alipiga magoti, akamulika kwa simu, akauvuta huku na huku. "Mpira umekwisha, mama. Umezeeka." Nikamuuliza kama anaweza kuubadilisha. Akasema mpira wenyewe hapa Geita hajauona, tena kazi yake ni ngumu, bora ninunue mashine nyingine. Nilipomwomba ajaribu, aliupaka gundi na kubandika kipande cha tyubu ya baiskeli. Kilidumu kufua kumoja. Mara ya pili maji yakatoka mengi kuliko mwanzo, na kile kipande cha tyubu nikakikuta ndani ya mfuko wa sketi yangu.

Nikatoa mabeseni. Yalikuwa nyuma ya mlango wa stoo, yamewekwa moja ndani ya jingine, na yule dada ndiye aliyeyaweka hivyo. Nilifua mashuka mawili tu, mgongo ukakataa. Nilikaa kwenye baraza, mikono imejaa povu, na ndipo nikatambua kwamba kwa miaka minne nilikuwa nikimtazama mtu akifanya kazi hii na sikuwahi kumuuliza mgongo wake ukoje.

Jioni nilikwenda kununua mboga kwa mama mmoja wa kona ya mtaa wetu, Mwislamu kutoka Tabora, anayejua habari za kila mtu bila kuzitafuta. Nikamuuliza kama anamjua yule dada aliko.

"Aliyekuwa anakufulia? Yuko Katoro siku nyingi," akasema huku akinifungia mchicha. "Anafua huko huko, nguo za wachimbaji. Nyuma ya soko, ukiuliza watakuonyesha."

Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo mawili. La kwanza, Katoro kuna pesa ya dhahabu, watu wananunua kila kitu, huenda hata mipira ya mashine inauzwa. La pili sikulisema hata moyoni kwa sauti. Nilimwona yule dada ameinama juu ya beseni la matope, amezeeka, na mimi nafika, namwambia: dada, rudi. Nilikwisha kupanga na maneno. Nilipanga hata chakula cha Jumamosi ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata nilitoka mapema. Kwenye karatasi nilikuwa nimenakili herufi na namba zote za kibandiko kilichoko nyuma ya mashine, na kwenye simu nilikuwa na picha sita za mpira. Katoro ilikuwa imeshaamka zamani nilipofika: bodaboda pande zote, magunia ya mchele, maspika yanayoshindana, vijana wenye matope ya kijivu mpaka kwenye nyusi wakinywa chai ya maziwa. Niliuliza mara mbili tu. Kila mtu alimjua.

Sikumkuta ameinama. Alikuwa amesimama mlangoni pa fremu ya duka yenye mashine mbili zinazonguruma na ya tatu imelala chali bila mlango, amevaa mabuti ya mpira, ameshika daftari. Mbele yake alisimama mchimbaji mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, anayelalamika.

"Mama, kulikuwa na mawe mfukoni. Mawe manne."

"Mawe yako haya," akasema, akamtolea kopo la maziwa ya unga. "Nimekwambia mara ngapi utoe vitu mfukoni? Mawe yako yatanikatia mpira."

Yule mtu akayahesabu yale mawe kwenye kiganja, akayatazama kwenye mwanga moja moja, akaridhika, akaondoka na nguo zake. Hapo ndipo yule dada alipogeuka akaniona.

Hakushtuka kama nilivyotarajia. Aliweka daftari chini, akafuta mikono.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, dada."

"Za Geita? Ni heri?"

"Ni heri tu."

Alinipa benchi. Alikuwa amenenepa kidogo, na usoni alikuwa na utulivu wa mtu ambaye shughuli yake inaenda. Nilianza kueleza kuhusu maji, kuhusu fundi na gundi yake, nikamwonyesha picha. Alizipitisha haraka, akasimama kwenye ya nne, akaikuza kwa vidole viwili.

"Umekatwa na kitu chenye ncha. Pini au zipu. Halafu mwalimu, wewe ukimaliza kufua hufuti maji humu kwenye mikunjo. Unafunga mlango unaondoka."

"Sikuambiwa."

"Ndiyo, hata mimi sikuambiwa. Wa kwanza uliniozea ndani ya miezi sita."

Aliomba ile karatasi ya namba, akaisoma, akacheka kidogo. "Mwalimu ni mwalimu tu. Wengine wananijia wanasema mashine yangu ni nyeupe." Alivuka barabara na karatasi yangu, akaingia kwenye duka la vipuri vya jenereta na pampu, akarudi na mpira mpya uliofungwa kwenye nailoni, mweusi, ukinuka kama tairi. Mashine yangu, akaniambia, ni ndugu na yake ile iliyolala chali. Mpira ni huo huo.

Nilidhani ataniambia nimtafute fundi fulani. Badala yake alivuta benchi mbele ya ile mashine mbovu.

"Kaa hapa. Nitakuonyesha mara moja, halafu utafanya wewe."

Alinionyesha. Kwanza pete ya nje, waya mwembamba wenye springi ndogo, unaoubana mpira kwenye bati la mbele. Unaitafuta springi, unaiinua kwa bisibisi bapa, waya unalegea, unautoa wote. Kisha unaumenya mdomo wa mpira kutoka kwenye bati pole pole, kama unamenya kiazi kilichochemshwa. Unatoa skrubu mbili za kitasa cha mlango, unafungua mfuniko wa juu wa mashine ili mkono uingie. Huko ndani kuna pete ya pili, nene zaidi, ndiyo inayoushikilia mpira kwenye tangi lenyewe la mashine.

"Kabla hujautoa, angalia alama hii." Aliweka kidole juu kabisa, palipokuwa na pembetatu ndogo iliyochongwa kwenye mpira. "Hii inakaa juu, inatazamana na alama ya tangi. Vitundu hivi vinakaa chini, ndipo maji yanapojitolea. Ukikosea hapa, umefanya kazi ya bure."

Akautoa, akaurudisha, akautoa tena. Kisha akanyanyuka. "Haya. Wewe."

Nimefundisha miaka ishirini na sita. Sikumbuki mara ya mwisho kukaa mbele ya mtu nikiwa sijui kitu na yeye anajua. Vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu mwingine. Niliuingiza mpira upande wa kulia, ukatoka kushoto. Wateja wawili walikuwa wamesimama wakitazama, na nilisikia jasho likishuka mgongoni.

"Usiuvute kwa hasira, mwalimu. Unaukunja, unaingia wenyewe. Pakaza sabuni ya vyombo kwenye ukingo, utateleza."

Nilipaka sabuni. Ukateleza, ukaingia, ukakaa, tukarudisha na pete. Aliupitishia kidole mzunguko mzima, akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa wateja. Sikuwa nimewahi kujua jinsi ninavyoonekana kwa wanafunzi wangu ninapoitikia kwa kichwa namna ile na kuondoka.

Baadaye alileta chai na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwetu, vimechemshwa kwa karanga. Tulikula tumekaa kwenye benchi, mashine zikizunguka nyuma yetu. Alinisimulia jinsi alivyoanza: alikuja Katoro na beseni moja, akafua nguo za watu wa karasha, wanaosaga mawe ya dhahabu, na matope yale hayatoki kwa mkono bila kuchubuka. Mwenye nyumba aliyehama ndiye aliyemwachia mashine ya kwanza, mbovu. Alikaa nayo wiki nzima akiifungua na kuifunga. Watoto wake wawili sasa wako sekondari. Kuhusu mume, hakusema, nami sikuuliza.

Nikaona ndio wakati wangu.

"Dada, nilikuja pia kukuomba kitu. Nilitaka nikuombe uwe unakuja Jumamosi. Hata kama si kufua."

Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha asiyoijua. "Jumamosi?" Akageukia yale marundo ya nguo, akanigeukia tena. "Mwalimu, Jumamosi ndiyo siku wanayotoka mashimoni."

"Najua. Nimeona. Nilikuwa nasema tu." Lakini nilikuwa nimeshaanza, na nikaona nikinyamaza sitasema tena. "Nimeyakosa sana mazungumzo yetu."

Mashine moja ilifika kwenye kukamua, ikatikisa sakafu, na tukalazimika kusubiri itulie.

"Nikwambie ukweli, mwalimu?"

"Niambie."

"Mimi pale kwako nilikuwa naongea ili mgongo usiume. Ukinyamaza unausikia. Ukiwa na maneno unasahau kidogo."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza njia. Niliushika mchembe mkononi, sikuweza kuula wala kuurudisha kwenye sahani. Nilikumbuka vicheko vyetu, na ile siku ya uji, na nikajiuliza ni vingapi kati ya hivyo vilikuwa mgongo.

Yeye akaona. Akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Si kwamba nilikuwa nadanganya. Niliyokwambia ni ya kweli. Na ulikuwa unanikalisha mezani. Nyumba nyingine nilikula nimesimama jikoni. Lakini ilikuwa kazi, mwalimu. Wewe ulikuwa umepumzika, mimi nilikuwa kazini."

"Na nilikuachisha kwa simu."

"Nilikuwa nimeshafika kona ya shule. Na kanga zangu." Akatabasamu kidogo, si kwangu, kwa ile asubuhi. "Nilisimama pale nikafikiri niende wapi, maana nyumbani nilikuwa nimeaga. Nikakaa kwenye jiwe mpaka saa ya kurudi ikafika, watoto wasijue."

Sikuwahi kulijua hilo. Kwa miaka mitatu nilidhani alikuwa nyumbani kwake nilipompigia, labda akafurahi kulala kidogo.

"Nisamehe, dada."

"Yameshapita hayo. Nisingekaa kwenye lile jiwe nisingefikiria Katoro." Akainuka, maana mteja alikuwa amefika na gunia la nguo kichwani. "Kunywa chai, isipoe."

Nilikunywa. Nilikaa muda kidogo zaidi nikimtazama akipokea nguo, akikagua mifuko, akiandika. Kisha nikaona ninajaza benchi la wateja. Nikamlipa pesa ya mpira, nikauweka mkobani, nikaaga. Alinisindikiza hatua chache mpaka kwenye kibanda cha mkaa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ambayo ilikuwa laini sasa kuliko nilivyoikumbuka.

"Wabeja, mwalimu. Asante kuja. Vitundu chini, usisahau."

Jumapili baada ya ibada nilivaa gauni la zamani, nikafunga bomba, nikachomoa waya wa umeme. Nilitandika gunia sakafuni bafuni, nikapiga magoti. Pete ya nje ilitoka vizuri. Mpira wa zamani nilihangaika nao, ulikuwa umeshikana na bati, ukatoka na kutu. Skrubu moja ya kitasa ilikataa, nikaipaka mafuta ya kupikia, nikasubiri, ikakubali. Pete ya ndani ilinichukua muda mrefu kuliko vyote kwa sababu mkono wangu haukutosha kupita juu mpaka nilipovua pete ya ndoa. Niliiweka kwenye kisahani cha sabuni.

Mpira wa zamani ulipotoka nilisafisha ule mfereji wa tangi kwa mswaki. Nikapaka sabuni. Nikaweka pembetatu juu, vitundu chini, nikaanza kuukunja na kuuingiza bila hasira. Uliingia mara ya tatu. Pete ya ndani nayo nikaibana.

Tatizo likawa pete ya nje. Ule waya ukishaukalisha juu, ukiuvuta chini unachomoka juu. Ukiushika juu, huna mkono wa kuvuta springi. Inahitaji mikono minne. Katoro yule dada alikuwa ameushikilia upande mmoja nilipokuwa navuta, na hakuna kati yetu aliyefikiri kulisema hilo, maana ilikuwa rahisi tu, mtu yuko karibu anashika. Nilijaribu kwa goti, na baadaye kwa kidevu. Mara moja ulinirukia ukanipiga kwenye mdomo, nikaonja damu. Nilikaa kwenye gunia, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisema kwa sauti ndani ya nyumba ile, "Hakuna mtu."

Bafu likanirudishia sauti yangu. Nikaona haya, kana kwamba jirani amesikia. Nikainuka, nikaenda kwenye kamba ya nguo, nikachukua vibanio kumi na viwili vya mbao. Niliubana ule waya pamoja na ukingo wa mpira, kibanio kimoja kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia juu nikishuka pande zote mbili. Ulikaa. Springi nikaivuta kwa plaizi kwa mikono yangu yote miwili, ikaingia mahali pake ikilia kidogo, nikatoa vibanio kimoja kimoja, na hakuna kilichochomoka.

Nilifungua maji, nikawasha bila nguo. Nilikaa nikitazama sakafu. Baada ya dakika chache tone likatokea chini kushoto, likafuatwa na jingine. Nilizima, nikakagua kwa kidole, nikakuta mahali ambapo mdomo wa mpira ulikuwa umejikunja ndani ya bati, padogo kama ukucha. Ikabidi nitoe pete tena, nirudishe vibanio tena. Mara ya pili nilikuwa mwepesi. Nikawasha. Sakafu ikabaki kavu, mashine ikajaza, ikazungusha, ikakamua mpaka mwisho, na sakafu ikabaki kavu.

Nilipiga simu Katoro. Iliita sana kabla ya kupokelewa, na nyuma yake nilisikia mashine zake na mtu anayebishana kuhusu suruali.

"Imekubali, dada. Haivuji."

"Ee! Hongera, mwalimu. Nilijua utaweza. Umefuta maji kwenye mikunjo?"

"Nimefuta."

"Vizuri. Na mlango uuache wazi upate hewa. Ngoja mwalimu, hapa nina watu."

"Haya, endelea," nikasema, lakini alikuwa ameshakata.

Nilirudisha pete kidoleni, nikaosha gunia, nikafua nguo zangu za wiki nzima katika mizunguko miwili, nikazianika. Jua lilikuwa bado kali. Nilipika wali kidogo nikala nimesimama karibu na jiko, na nilipoligundua hilo nikachukua sahani, nikaenda kukaa mezani.

Kesho yake ofisini, wakati wa chai, mwalimu mwenzangu wa hisabati aliuona mdomo wangu uliovimba. Nikamweleza. Aliita wengine wasikie: mwalimu amefungua mashine ya kufulia akabadilisha mpira peke yake. Walicheka, wakashangaa, mmoja akasema na yake inavuja, nije niitazame. Nikasema nitakuja.

"Nani alikufundisha kazi hiyo?" akaniuliza yule wa hisabati.

"Rafiki yangu mmoja yuko Katoro."

"Hujawahi kutuambia una rafiki Katoro."

"Tulikuwa tumepoteana," nikasema.

Neno lile, rafiki, nililitoa haraka, na likanikaa mdomoni baada ya kulisema. Sikujua kama lilikuwa langu kulitumia. Mwenyewe hakuwepo hapo kulikubali wala kulikataa. Kengele ikalia, wenzangu wakachukua chaki na vitabu wakatoka. Nami nilikuwa na kipindi kidato cha pili.